Jiko Langu Linangoja Bomba

Mpendwa mshauri, kwa heshima zote natangaza mbele yako na mbele ya wasomaji wako kwamba jiko langu la gesi, jeupe, la pleti nne, limetimiza mwaka wa pili bila kuwashwa hata mara moja, na sherehe yenyewe ilikuwa kulipangusa vumbi na kulifunika tena kitambaa. Naomba msaada. Mume wangu yuko kituo cha gesi, kule gatini, ndiye anayefungua valvu meli za nje zikija kubeba gesi yetu, na ndiye anayewahubiria majirani kwamba nchi lazima ijitegemee kwa nishati, bomba la majumbani linakuja, tuvumilie, basi mtungi amenikataza kabisa, anasema, "Mama watoto, mke wa mtu wa gesi akanunue gesi dukani? Watu watanionaje?" Kwa hiyo napikia mkaa uani, nasuka nywele za watu huku nakohoa, na daktari kashasema moshi niuache, la sivyo nitarudi kwake nimebebwa.

Sasa siku hizi mwenzangu anarudi ameshiba. Nikimtengea anaonja, anasukuma sahani, na shati linanuka vitunguu vya kukaanga. Juzi wifi yangu kaja kusukwa, akaniambia amemwona kaka yake na mtungi begani, kaufunika taulo kama mtoto mgonjwa, anaingia nao kwa yule mjane anayeuza chakula nyuma ya gati. Akacheka, "Wifi, kumbe hata nyumbani kwenu gesi inapelekwa nje." Nilipomuuliza mume akasema ni mambo ya kazi. Mshauri, kazi gani hiyo ya taulo? Nimfuate nikawafumanie, au niuze jiko nirudi kwetu?

Msusi anayekohoa

Dada msusi, pole, lakini nawe umezidi. Daktari anakuambia kifua, wewe unasikia mjane. Mumeo simtetei, maana asiye na la kuficha hafuniki mtungi taulo. Kama ni penzi au ni tumbo tu, mimi sijui, na wewe hujui. Ninachojua ni kwamba mwaka wa pili huu unangoja ruhusa ya kununua mtungi kwa pesa ya mikono yako mwenyewe.

Usimfuate mtu, usiuze kitu. Leo hii kanunue mtungi, uje nao mchana, bila taulo, upite mbele ya majirani wote. Washa pleti zote nne. Kaanga vitunguu. Akirudi mtengee, kaa mbele yake, wifi yako awepo, umuulize jambo moja: mtungi ule wa mjane ulikuwa wa nini? Akijibu, utajua la kufanya. Asipojibu, utajua zaidi.

Kuhusu hiyo aibu ya dukani, nilimpigia simu msemaji wa kituo chao. Bomba la mtaa wenu halijachorwa bado. Na gesi ya mitungi inanunuliwa nje, inakuja kwa meli, inashushwa kwenye gati lile lile la mumeo.