Chemchemi Tuliyooshea Baiskeli

Jumamosi jioni, Nyakato. Mvua imekatika, miguu yangu bado inanuka.

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mafua ya msimu huu yamewaacha salama? Mimi mwili ni mzima, ila roho imenichafuka.

Leo nilikuwa Butiama kwa Wambura, rafiki yangu tangu tunachunga ndama. Amenunua baiskeli mbili za gia, zile za matairi yenye meno, tukapanda nazo njia za msituni. Mvua ilinyesha usiku kucha. Ng'ombe wanapitaga humo humo, kwa hiyo lile tope si tope tu. Lilinirukia mpaka mdomoni. Nikatema, nikacheka. Raha ilikuwepo, sitadanganya.

Tukafika kwenye chemchemi.

Wambura akazamisha baiskeli majini, akaanza kusugua cheni. Mama mmoja alikuwa amesimama na ndoo.

"Baba, si ungeniacha nichote kwanza?"

"Maji yanatembea hayo, mama yangu! Subiri kidogo yatakuwa meupe."

Mafuta ya cheni yakatanda juu, na kinyesi cha ng'ombe kikielea. Halafu na mimi nikaingiza baiskeli yangu.

Nilichukia, na nikafanya.

Nyumbani, mke wake Mama Bhoke akatuletea chai ya maziwa. Nikafumba macho kuombea, maneno hayakuja. Nikamuuliza maji anapata wapi.

"Ya msituni, shemeji. Kuna mama ananiuziaga, ametoka hapa sasa hivi."

Alikuwa ameshakunywa nusu kikombe.

Nikasema. "Shemeji, tumeoshea baiskeli humo. Mimi na yeye."

"We nawe!" Wambura akadakia. "Si imechemka? Kunywa bwana, acha uzungu."

Mama Bhoke akatoka uani, tukamsikia anatapika. Akarudi, akabeba sufuria nzima akaenda kumwaga.

"Umefurahi sasa?" Wambura akaniuliza.

Hajawahi kuniacha niondoke peke yangu. Huwa ananisindikizaga mpaka nipate gari. Leo nimeaga, akabaki amekaa, anapangusa usukani wa baiskeli. Nimetembea hadi barabarani nikilia kama mtoto, mtu mzima na mvi zangu.

Kuosha najuta, na nitaungama. Kusema sijutii. Lakini simu yake haijaingia mpaka saa hii, na nyumba imekuwa kimya mno.

Nimpigie mimi, au ningoje apoe? Tafadhali, nijibuni upesi.