Kahawa ya Tatu ya Ramiza

Donja Vrba,
9 Novemba 2019.

Mpendwa mpwa wangu Nermin,

Salamu nyingi zikufikie huko Uswidi, zikinuka moshi wa kuni. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima, ni meno tu yameanza kuniaga.

Mama yako mdogo Ramiza sasa anatembea kwa mkongojo, ingawa anautumia zaidi kutuchapia.

Ile kesi ya Edis, yule mtoto wa mwenye bucha, ya kumgonga Ramiza kwa gari na kumwacha mtaroni, imechangamka. Wakili wake alishaelewana na mwendesha mashtaka: Edis akiri, apunguziwe kifungo. Wakaandika kwamba hakujua amegonga mtu. Ramiza akasema gari lilisimama, akamwita Edis kwa jina, likaondoka. Wakamwambia ni mshtuko, aliota. Kumbe sheria inataka aliyeumia naye asikilizwe, basi akagoma kupokea fidia mpaka ukweli usemwe.

Mahakama ikamtuma mpatanishi, Bi Vesna wa mjini, awakutanishe nyumbani kwa Ramiza. Ramiza akatoa kahawa ya kukaribisha, kisha ya mazungumzo. Edis akaomba radhi kama anayesoma tangazo la msiba. Ramiza akaleta ya tatu, ile ya kufukuzia wageni. Bi Vesna akafunga mkoba, wakili akavaa koti, nami nikawafungulia mlango kwa adabu zangu zote.

Edis hakuinuka.

"We kijana, hiyo kahawa huielewi?" nikamwuliza.

"Naielewa, mzee." Kisha akamgeukia Ramiza. "Mama, nilikusikia. Uliniita mara mbili. Niliogopa, nikaondoka."

Wakili alimfokea afunge mdomo. Bi Vesna akatuliza mambo: yaliyosemwa pale hayatoki nje, ila Edis mwenyewe akitaka. Jumatatu Edis akaenda kwa mwendesha mashtaka akayarudia yote. Ule mpango wa kupunguziwa ukafa hapo hapo, na babake sasa ananipimia mifupa mitupu, kana kwamba ni mimi niliyechemsha kahawa.

Ramiza ameitwa aseme neno mbele ya hakimu kabla ya hukumu. Kijiji kizima kinabashiri: atamsamehe, au atamkaanga? Nikamwuliza mimi, mbea mkuu.

"Miaka ahesabu hakimu, ndiyo kazi anayolipwa," akasema. "Mimi nitamwambia tu kwamba sikuota."

Nisalimie mkeo Jasna na binti yenu Lejla. Mungu awape afya na mkate wa moto.

Ni mimi mjomba wako akupendaye hata usipoandika,
Hasib