Rangi Ndani ya Eda

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeswali, nimefagia ua, nimechemsha chai. Mvua ya jana imeangusha petali za waridi karibu na pipa la maji. Sikuzifagia.

Saa mbili nilikaa barazani na kipande cha ubao mwembamba. Nilichora kana nyekundu, ua la majani mapana. Jani la kwanza limeharibika. Limekuwa kama ulimi wa ng'ombe. La pili ni jani.

Rangi ni za Hamisi. Kwa miaka arobaini mume wangu aliandika mabango ya maduka hapa Gitega, nami nilimsahihishia maneno kabla hayajakauka. Alifariki Jumamosi, tarehe 26 Julai, siku mwezi mpya ulipoandama. Makopo yake yalibaki chumba cha nyuma. Mwezi uliopita nilifungua moja nitazame kama rangi imeganda. Haikuwa imeganda. Nikatia brashi. Nilichora waridi baya sana. Siku iliyofuata nikachora jingine.

Nimo ndani ya eda. Sitoki nje ya ua. Sivai nguo za rangi, sipaki hina, sijitii manukato. Miezi minne na siku kumi. Nimehesabu mara mbili kwenye kalenda ya ukutani, kama nilivyowafundisha watoto kwa miaka thelathini na mitatu. Eda itakwisha Jumamosi, tarehe 6 Desemba. Majirani wote nimewaarifu.

Jumapili, 19 Oktoba

Asumini. Ngumu. Ua jeupe juu ya ubao mweupe halionekani. Unachora giza lililo nyuma yake, na ua linabaki. Nimelijua jambo hili nikiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Nyuki alikuja, akatua. Sikumchora. Viumbe vyenye roho sivichori. Nilingoja aondoke, brashi mkononi, jua mgongoni. Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa aibu. Hamisi hajatimiza miezi mitatu kaburini, nami nimefurahi kwa sababu ya ua.

Alhamisi, 23 Oktoba

Jirani yangu Mama Saidi ameniletea mboga za lengalenga na mkaa. Tangu msiba, yeye ndiye anayeniendea sokoni. Hajui kusoma. Hesabu zake zote zimo kichwani, na hajawahi kunirudishia chenji pungufu.

Amezitazama mbao zangu, amecheka. Alisema, "Mwalimu, hii maua yako iko na afya kunipita mimi." Sikumsahihisha. Nilikuwa na furaha ya kusifiwa.

Jumatano, 29 Oktoba

Zaina amefika kutoka Muyinga. Ni dada yake Hamisi, wa tumbo moja. Amekuja kukaa nami mpaka eda iishe. Ameleta maharage ya shamba lao la Mwakiro, gunia zima, na mkeka wake wa kuswalia.

Mungu hakutujalia watoto. Katika dunia hii, Zaina ndiye damu ya Hamisi iliyobaki, pamoja na binti yake Hadija. Ana paji la uso la Hamisi. Alipovua mtandio nilishtuka.

Mbao nimezificha nyuma ya kabati. Mwalimu mzima, nimeficha kama mwanafunzi.

Jumapili, 2 Novemba

Siku nne bila brashi. Maua ya dalia yote yamefunguka kwa pamoja. Zaina anavuta uradi barazani, mahali pangu pa kuchorea. Tunaongea kidogo. Analia kwa sauti, mimi silii mbele ya watu. Naona ananipima.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimefanya jambo baya.

Zaina alikwenda kuwasalimu marafiki zake mtaa wa juu. Nikatoa makopo. Dalia nyekundu, ile kubwa iliyoegemea ukuta. Nilichora kwa haraka, nikipakaza kwa vidole pale ambapo brashi ilikuwa nene mno. Sikusikia mlango.

Alisimama. Aliangalia makopo, akayatambua. Aliingia ndani, akaziona na mbao zile nyingine, maana nilikuwa nimezitoa zipate hewa. Akazigeuza zote zielekee ukutani, moja moja, taratibu, kama anayefunika watoto. Kisha akarudi kwangu. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Ndugu yangu iko chini ya udongo, na we uko na vidole kama bibi arusi. Na rangi yake mwenyewe."

Nilitazama mikono yangu. Kweli ilikuwa myekundu, kama imetoka kwenye hina.

Ningeweza kunyamaza. Nilimjibu kwamba mtu asiyejua kusoma hanifundishi dini.

Zaina aliacha shule darasa la pili. Alibeba mawe kwenye ujenzi ili Hamisi aendelee. Kila herufi Hamisi aliyoandika juu ya duka lolote la mji huu ilitoka mgongoni mwa dada yake. Nimelijua hilo tangu nilipoolewa. Nikalisema neno lile nikilijua.

Jumamosi, 8 Novemba

Ameondoka asubuhi. Chai hakuigusa. Alishika mwimo wa mlango, akasema, "Kwaheri, nyumba ya Hamisi." Mimi hakuniaga.

Jumatano, 12 Novemba

Nimempigia simu mara tatu. Hadija ndiye anayepokea. Anasema mama yake akisikia ni mimi, hutoka kwenda uani kupepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa.

Nimeamua. Radhi haiombwi kwa simu. Inaombwa magoti yakiwa kwenye mkeka, mkono ndani ya mkono, na aliyekosewa akiwa huru kukataa. Eda inakwisha Jumamosi tarehe 6. Jumapili tarehe 7 nitakwenda Muyinga. Siku ishirini na tano. Bila radhi ya Zaina, sina ndugu tena upande wa Hamisi, na sitastahili kuitwa mjane wake.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimerudia kuchora. Kwanza nilimtuma Mama Saidi amuulize shehe wa msikiti wetu. Jibu limekuja: kuchora mimea si kujipamba, hakuna kosa.

Jibu hilo halikunipa raha. Zaina hakuniuliza kuhusu halali na haramu. Aliniuliza kuhusu ndugu yake.

Ningemwambia hivi. Nikikoroga kopo, nasikia Hamisi akikoroga. Alikuwa na tabia ya kugonga kijiti mara mbili ukingoni, nami nagonga mara mbili. Sichori kwa kumsahau. Kilio changu kimepitia vidoleni, kikageuka kuwa ua, na ua likanifurahisha. Sikukipangia kitoke hivyo. Haya ndiyo ningeyasema. Badala yake nilimtukana.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua kila siku alasiri. Kinyonga ameishi siku tatu kwenye mwaridi. Mama Saidi anamwogopa, hataki kupita upande ule. Nimechora mwaridi bila yeye. Tawi linainama kwa uzito usioonekana. Ni kazi yangu bora kuliko zote.

Jumapili, 30 Novemba

Hadija amepiga simu baada ya adhuhuri. Zaina alianguka jana akiwa anateka maji. Kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, na kauli imekatika. Yuko hospitali, Muyinga. Anasikia. Anaelewa. Anajibu kwa kufumba macho.

Nilimuuliza Hadija kama daktari ana matumaini. Akaniambia tu kwamba wamemtundikia maji.

Kauli imekatika. Lakini anayefumba macho anaweza kutoa radhi.

Jumatatu, 1 Desemba

Sikuchora. Sikula mchana. Nimekaa nikitazama lango.

Jumanne, 2 Desemba

Saa moja asubuhi Mama Saidi aliingia na ndoo ya maji ya moto, sabuni mpya na kanga iliyokunjwa. Alikuwa amevaa nguo zake za sikukuu.

"Mwalimu, eda imeisha jana magharibi. Mi nilihesabu mwezi. Uoge, uende kwa wifi yako."

Nilimpeleka mbele ya kalenda. Nikamwonyesha tarehe 26 Julai, nikamwonyesha miezi minne, nikamwonyesha siku kumi. Niligonga tarehe 6 kwa kidole, kama nilivyokuwa nikigonga ubao darasani. Nilimwambia kwamba mjane hajitoi eda kabla ya siku yake, hata kama moyo unataka. Hasa kama moyo unataka.

Aliitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akasema, "Sawa, Mwalimu." Akaibeba ndoo yake, akatoka. Maji yalikuwa bado yanafuka moshi.

Jumatano, 3 Desemba

Hadija tena. Mimi ni mke wa mjomba wake. Ananiita tantine, kama wafanyavyo vijana wa siku hizi.

"Tantine, kuja. Mama anakutafuta na macho. Kila mlango ukifunguka, anaangalia."

Nilimwambia Jumamosi. Nilimweleza sababu. Akasema salio linakwisha.

Ni siku tatu tu. Sitaki aseme mtu kwamba mjane wa Hamisi, aliyechora maua ndani ya eda, ameikata na eda yenyewe. Naamini nafanya sahihi.

Alhamisi, 4 Desemba

Zaina amefariki leo asubuhi. Amezikwa baada ya alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mama Saidi alikuja, akakaa nami kwenye mkeka. Habari ya Jumanne hakuigusa hata kidogo. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniamsha. Mtu aliyekosea hesabu huomba samahani, au hubisha. Yeye alinionea huruma.

Alipokwenda, nilitoa kalenda ya msikiti kutoka sanduku la Hamisi, ile yenye miezi ya mwandamo. Nikahesabu. Eda haihesabiwi kwa kalenda ya shule. Inahesabiwa kwa mwezi wa mbinguni, ambao una siku ishirini na tisa au thelathini. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kushika kalamu. Nilijua, na mkono ulikwenda kwenye kalenda ya ukutani kwa mazoea ya miaka thelathini na mitatu. Na hakuna aliyethubutu kunibishia, ila mwanamke mmoja asiyejua kusoma.

Eda yangu ilikwisha Jumatatu, jua lilipozama. Tangu hapo nilikuwa huru. Gari la Muyinga huchukua nusu siku.

Zaina alitazama mlango siku mbili, nami nimekaa hapa Gitega nikitunza eda ambayo haikuwepo.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimekwenda kwa Mama Saidi alfajiri, nikabisha hodi mwenyewe. Nikamwambia alikuwa sahihi nami nilikosea. Alisema, "Ingia uoge, Mwalimu." Alinimwagia maji mwenyewe mgongoni. Huko bafuni ndiko nilikolia, kwa sauti.

Mafuta ya gari ni shida. Nimepata gari saa tano. Tumepita Karuzi kwenye mvua. Nimefika Muyinga jioni.

Jumamosi, 6 Desemba

Muyinga, nyumbani kwa Zaina. Wanawake wamejaa uani, kwenye mikeka. Walinipisha nikae mbele, kama inavyompasa mjane wa kaka yake. Nilikataa. Nilibaki nimesimama, maana ningekaa nisingeweza kusema tena.

Niliwaambia neno nililomtamkia Zaina tarehe 7. Nikalirudia lote, bila kulipunguza. Kisha nikamgeukia Hadija.

"Jumanne nilikuwa nimeshamaliza eda. Nilihesabu vibaya. Ningeweza kuja, na sikuja."

Mtoto mchanga alilia mahali fulani, akanyonyeshwa. Hadija alikuwa amechuchumaa kando ya rundo la ndizi mbichi, macho yamevimba.

"Mama hakutuambia lile neno," alisema mwishowe. "Tulimuuliza mara mingi. Alisema tu mlikosana kwa ajili ya maua."

Amenisitiri. Mwezi mzima, kwa binti yake mwenyewe, amenisitiri. Sijui kama hiyo ni radhi. Sitajiambia kuwa ni radhi kwa kuwa tu naihitaji. Aliyekuwa na haki ya kuitoa hayupo.

Hadija alinisogezea kisu na beseni la maji. Nilikaa chini, nikamenya ndizi pamoja na wengine. Utomvu umenata vidoleni mpaka sasa ninapoandika.

Jumapili, 14 Desemba

Bado Muyinga. Hadija amenizuia mara mbili nisiondoke. Tunapanga nguo za mama yake. Hatuongei sana. Jana aliniuliza ni maua gani nilikuwa nikichora. Nikamtajia. Akasikiliza, akaendelea kukunja.

Jumatano, 17 Desemba

Nimerudi juzi. Magugu yamefika magotini. Jana nilipalilia kutwa nzima.

Leo asubuhi nimekuta ua la boga limefunguka kando ya uzio. Mbegu hiyo sikuipanda mimi. Labda ilitoka kwenye takataka za jikoni. Njano, pana, limejaa umande. Ua hilo halina subira. Jua likipanda, linafunga.

Nilikaa chini kwenye nyasi, kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kuleta kiti. Nilichora mpaka likafunga. Upande mmoja haukukamilika, na sitaukamilisha kwa kubuni.

Nilipoinua kichwa, ilikuwa saa nne na chai imepoa. Nilikuwa nimefurahi. Zaina alikuwa moyoni wakati huo huo, na hakuondoka. Sikumfukuza yeye, wala furaha sikuifukuza.

Nimeosha brashi. Nimeianika.