Mikono Miwili ya Kushoto

Nyumba ya uani, nyuma ya duka la vitambaa,
Alhamisi, 12 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kifua kimetulia? Sisi afya tunayo, ila mimi sikai kitako. Naandika mstari, nachungulia dirishani, narudi, kwa hiyo mwandiko ukipanda mlima usinicheke.

Ni Chiriku wangu. Unamjua binti yangu, mdomo haufungi tangu anapoamka. Basi tangu Jumatatu kimya. Chakula anachokonoa tu, na cherehani hataki hata kuiona.

Nilipombana akanionyesha. Rafiki yake wa dawati moja alimpa kitambaa cha maua amshonee gauni la kwaya ya shule, wanaimba Jumamosi. Ni mteja wake wa kwanza. Kakata vipande vyote vizuri, ila kwenye mikono hakuigeuza karatasi ya kipimo, akatoa miwili ya kushoto. Na kitambaa kimekwisha.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Mwaka mzima, akishona kombo, nasubiri aende shule, nafumua na kushona upya, naye anadhani ni kazi yake. Uliponiandikia nimuulize badala ya kumjibia, nilisema moyoni, huyu yuko mbali, hajui adha zangu. Leo mchana nikatoa kabatini kitambaa kinachofanana na kile, nikashika mkasi. Akaingia.

Hakupaza sauti. Alisema, "Mama, najua huwa unafumua kazi zangu. Uzi wako mwembamba kuliko wangu. Ndiyo maana mimi mpaka leo sijui kama najua kushona."

Dada, niliona haya. Nikaweka mkasi, nikamuuliza, kwa shida utafikiri nang'olewa jino, "Sasa wewe unaonaje?" Nikauma ulimi nisimjibie. Kisha akasema ataenda kumwambia mwenzake mwenyewe, na nisimsindikize.

Ametoka saa kumi. Sasa hivi ni saa kumi na moja na robo, na nyumba yenyewe ni mtaa wa pili tu. Watakuwa wamemfukuza? Ngoja nitazame tena.

Haya, nimerudi. Uvumilivu ulinishinda, nikatoka mbio, nikakutana naye kwenye kona. Akanitazama miguuni. "Mama, umevaa kandambili za kushoto zote mbili." Tulicheka barabarani mpaka muuza magazeti akatushangaa. Rafiki yake alilia, akanuna, halafu wakakaa wakafikiri pamoja: wapunguze marinda ya sketi, wapate kitambaa cha mkono wa kulia. Mimi fundi wa miaka kumi na tisa sikuliona hilo.

Tulipofika nyumbani, Chiriku kanipa kazi ya kushika pindo la kitambaa na kufunga mdomo. Akatandaza karatasi ya kipimo vilevile kama Jumatatu. Niliona. Nikaanza kuhesabu maua ya kitambaa. Nilipofika kumi na saba akasimama, akaitazama, akaigeuza mwenyewe. Ndipo akakata.

Msalimie shemeji, na wale mapacha waambie mama yao mdogo wa kandambili anawakumbuka. Mungu akulaze salama na akuamshe na goti jepesi.

Mdogo wako akupendaye, na anayejifunza kunyamaza,

Fundi

Chiriku kasoma barua yote. Anasema na mimi nimekosea kuhesabu, yalikuwa maua kumi na tisa.