Mwanangu, Nilikudanganya Kuhusu Atlanta

Mwanangu Shaibu,

Najua macho yako yakifika hapa mdomo umeshatamka shikamoo, hata kama uko peke yako jikoni. Marahaba, baba. Mimi mzima, goti linasumbua kama kawaida yake, na duka linaenda. Ni wiki ya tatu sasa unapiga simu nami nakuambia nina wateja. Hata siku ya Idi ulipopiga nilisema nina wateja, wakati duka limefungwa na Kariakoo nzima iko kwenye pilau. Ulijua, ukaninyamazia kwa heshima. Leo naandika kwa sababu kwenye simu mimi ni hodari wa kukwepa. Nikimaliza, barua hii nitaiweka pia kwenye kundi letu la akina mama wa Mtaa wa Narung'ombe. Wengi wana watoto nje, na sidhani kama kosa hili ni langu peke yangu.

Uliniuliza jambo moja tu. Ile kampuni ya wahandisi wa maji ya Atlanta imekuita tena, wanataka jibu Ijumaa, je, uhame Portland au ubaki? Mwaka juzi walipokuita mara ya kwanza uliniuliza hivyo hivyo. Nikakuambia usiende, ukanisikiliza, ukawaandikia kwamba hutaweza. Mwanangu, siku ile nilikudanganya.

Unakumbuka nilivyokuja kukutembelea mwaka ule ule, kabla hawajakuita? Siku ya kwanza hapo Portland ulinitoa kwenda kuninunulia koti, mimi na kilemba changu na viatu vya wazi, na kila mtu mweusi tuliyekutana naye njiani alituinamishia kichwa. Mmoja alivuka barabara kuja kutusalimu. Nikasema huu ndio mji wenye adabu. Kwa siku tatu nikawa nasalimia kila mweusi, nauliza kwao ni wapi kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, naalika watu chakula kwenye nyumba isiyo yangu. Yule mfamasia Mnaijeria alikuja kweli, na mkewe na watoto watatu, nawe ukabaki unanikodolea macho maana ulikuwa na kuku mmoja. Baadaye, tukiosha vyombo, ukaniambia taratibu, "Mama, huku tunasalimiana kwa sababu tuko wachache."

Wachache wenyewe nikawaona Jumapili, nyumbani kwa Dokta Efua, yule daktari wa meno Mghana. Mlikuwa kumi na wawili, na karibu kila mmoja wenu kazini kwake ndiye mweusi peke yake. Nilidhani ni karamu. Nusu saa ya kwanza hakuna aliyegusa chakula. Mlikuwa mnasimuliana wiki ilivyopita, nawe unaninong'oneza kwa Kiswahili, nani kaulizwa kitambulisho mlangoni mwa ofisi yake mwenyewe, nani kasifiwa kwa kujua Kiingereza. Mlicheka sana, lakini kicheko cha mtu anayetoa mwiba nakijua. Dokta Efua alinishika mkono akanionyesha misumari ukutani kwake, imetundikwa funguo za nyumba za watu saba. Mtu akiugua huku, alisema, hana ndugu wa kumfungulia mlango. Na wako ulikuwepo, una kipande cha kitenge cha dukani kwetu. Nilimbariki yule mama moyoni, na bado nambariki.

Jumatatu yake ulikuwa na kikao kwenye kompyuta, mlango wa chumba uko wazi. Sauti niliyoisikia sikuijua. Ilikuwa laini, ya chini, kama ya mtu anayepita kwenye nyumba ya watu waliolala. Wewe, ambaye hapa ukiita kutoka dirisha la juu ya duka wapagazi wa mtaa mzima walikuwa wanageuka! Nilijifanya napanga nguo.

Halafu ukanipeleka Atlanta kumwona Marcus, yule Mmarekani uliyesoma naye. Uwanja wa ndege peke yake uliniduwaza. Weusi waliovaa suti walikuwa wanapishana kama watu wa Posta asubuhi, kila mmoja na haraka zake. Niliwasalimu saba. Mmoja aliitikia, na nadhani alifikiri naomba msaada. Jioni kwa akina Marcus walikuja watu kama arobaini, majaji, wahasibu, wenye kampuni za ujenzi, wamevalia utadhani wanaenda harusini. Huko kwanza unaulizwa kazi, kwenu ni wapi inakuja baadaye. Na wanapimana hao: nani anaishi upande gani, nani kasoma chuo gani. Nikasema hawa ukiwaleta Masaki kwa matajiri wetu hawatahitaji kufundishwa kitu.

Mama yake Marcus, mwanasheria mstaafu, alinikalisha karibu naye, wewe ukawa unatutafsiria. Akaniambia babu yake alipiga deki kwa miaka katika jengo ambalo yeye mwenyewe alikuja kuwa na ofisi ndani yake. Nikaelewa kwamba wale wana makaburi pale, na kwamba hata katikati yao wewe ungekuwa mgeni kwa muda. Lakini ungekuwa mgeni aliyewekewa kiti.

Ndipo Marcus akasema kitu, sikukielewa, nawe ukacheka. Ulicheka cheko la marehemu baba yako, kichwa nyuma, kiganja mezani, vijiko vikaruka. Na hukutazama pembeni kuona nani amegeuka. Hakuna aliyegeuka, Shaibu. Miaka sita nilikuwa sijalisikia cheko lile. Mama yake Marcus naye aliona, maana alinikazia macho kisha akasema neno, ukanitafsiria kwa aibu, "Anauliza, utatuachia huyu?"

Nikakwambia umwambie nitafikiria, nikarudi kwenye sahani yangu. Kwenye ndege ya kurudi nikaanza kazi yangu. Wale watu wana maringo. Mji gani huo watu wa rangi moja hawasalimiani? Utapotea mle, hakuna atakayejua umeumwa. Afadhali Portland, wachache lakini wanajuana. Kampuni ilipokuita, nikayarudia hayo hayo.

Nilijua ninachosema si kweli, tena nilijua kuliko mtu yeyote. Mimi nilikuja Dar msichana kutoka Masasi. Miaka ile mtu wa kusini akimsikia mwenzake anaongea gengeni, anamfuata mpaka nyumbani. Tulikuwa na chama chetu cha kuzikana, tunakutana kila mwezi, tunachekwa lafudhi wiki nzima halafu Jumapili tunaongea tunavyotaka. Leo watoto wa kusini ni madaktari, ni walimu, wamejaa mji, na chama kile kilikufa chenyewe bila hata kikao cha mwisho. Hakuna aliyekilia, maana hakuna aliyekihitaji tena. Sasa mimi, mwanachama wa chama kile, ndiye nikamwambia mwanangu kwamba kusalimiwa na kila mtu barabarani ndiyo furaha.

Kwa nini nilifanya vile? Nilipiga hesabu zangu. Niliona kwamba Atlanta ukienda hutarudi, na kwamba Portland itakuchosha, na ukichoka utakuja kwangu. Upweke wako nikaufanya wakala wangu. Ulipokuwa ukinipigia umekonda sauti, nilikupa pole, na ni pole ya kweli, lakini kuna sehemu ndani yangu ilikuwa inafurahi kwamba mambo yanaenda. Nimekaa na neno hili kooni, na sina namna ya kulilainisha.

Nilijitetea kwamba hapa Bongo hutahitaji Jumapili ya kwa Dokta Efua. Na hilo ni kweli. Zuhura, binti wa mama yako mdogo, ni wakili, ofisi yake iko ghorofa ya tisa, na hakumbuki kwamba ni mweusi mpaka siku ya kununua poda. Jaji mweusi, karani mweusi, mshitakiwa mweusi; nani amkumbushe? Lakini huku msomi ni mali ya ukoo. Wiki iliyopita alikuja dukani moja kwa moja kutoka mahakamani, akavua viatu, akakaa juu ya robota la vitenge. Mjomba alikuwa amempigia mara tisa kuhusu kiwanja cha Chanika. Ni katibu wa kamati mbili za harusi. Mgonjwa wa ukoo akilazwa Upanga, yeye ndiye wa kwanza kupigiwa. Akaniambia, "Mama mkubwa, natamani siku moja nipite mahali wasinijue."

Nilimcheka. Alipoondoka sikucheka tena, maana nilikuona wewe pale Atlanta, vijiko vinaruka na karibu hakuna anayekujua. Hakuna masika yasiyo na mbu, najua. Huko watakupima kwa gari na kwa mtaa, utaitwa Mwafrika na watu weusi wenzako, na kuna siku utaukumbuka ule ukuta wenye funguo. Lakini mbu wa kuishi nao mtu huchagua mwenyewe, hachaguliwi na mama yake.

Nakuhitaji hapa, hilo sikufichi. Kila mvua ikinyesha mtaro wa mbele ya duka ukafurika, nawaambia jirani zangu mwanangu ndiyo kazi yake hii, wananitazama tu. Nikiwa mgonjwa nataka uwe mlangoni. Kutaka kwangu hakujapungua hata chembe, ila kusiwe sababu ya wewe kukosa pa kucheka.

Kwa hiyo nenda Atlanta. Lakini kabla hujawaandikia, nenda kwanza kwa Dokta Efua. Kumi na wawili wakipungukiwa mmoja wanajua, wale arobaini hawatajua. Mwambie uso kwa uso, halafu uwaage wote nyumba kwa nyumba kama tunavyoaga sisi. Usiwatumie ujumbe. Walikuwa ndugu zako wakati mama yako anakufanyia hila.

Kwetu mtoto ndiye huomba radhi kwa mzazi. Zangu unazo, zimetimia, nenda nazo popote. Sasa mimi ndiye ninayeomba. Miaka miwili umeongea kwa sauti ya chini kwa ajili ya neno langu. Naomba unisamehe, baba.

Ni mimi,
Mama yako