Baiskeli ya Mama Imefika, Lakini Sikia Ilikopitia

Nyumbani kwa Mama,
Newala,
19 Oktoba 1952

Mpendwa kaka Kasiani,

Shikamoo. Huko Tanga kazi ya mkonge inakwendaje? Ule mguu uliochomwa na mwiba umepona kweli, au bado unachechemea huku unatuandikia kwamba hujambo? Wifi na watoto nao je? Sisi tunamshukuru Mungu. Lois anaota meno, kwa hiyo usingizi mimi nausikia kwa majirani tu.

Umeniuliza mara mbili kama ile baiskeli uliyomnunulia Mama imemfikia, ili apumzike kuteremka bondeni na debe la maji kichwani. Nilinyamaza kwa aibu. Leo nakujibu.

Iliteremshwa kwenye lori Masasi mwezi wa Juni, nzima, hata karatasi za kiwandani hazijabanduliwa. Shemeji yako Benedikto akaipokea, akaileta kwetu chuoni anakofundisha, akasema Jumamosi ataipandisha Newala. Jumamosi ikafika. Akasema baiskeli mpya haipandishwi mlima ghafla, lazima kwanza izoee barabara.

Basi ikaanza kuzoea. Ikazoea kuzunguka majabali ya Mtandi alfajiri, ati jua likichomoza mawe yanakuwa mekundu kama kaa la moto. Ikazoea njia ya Nanganga, ati mtoni kuna kivuli kizuri. Ikazoea mpaka Ndanda, kutazama maji yanavyoporomoka kutoka mlimani. Kaka, mtu anachukua baiskeli ya maji ya mkwewe, anakwenda nayo kutazama maji!

Na wanachuo wenye baiskeli zao wakaanza kumfuata. Kila Jumamosi wako mlangoni: "Mwalimu, leo tunakwenda kuona wapi?" Mimi niko uani nafua nguo za mtoto. Jirani yangu Esha ananichungulia juu ya ua: "Mama Lois, mzee kaenda kukagua dunia? Akirudi mwulize kama imekaa sawa."

Nikimwuliza, "Baba Lois, na Mama je?" ananijibu, "Yuliana, ungeyaona mawingu!" Mawingu! Huku Newala mashimo ya maji ya mvua yamekauka tangu Agosti.

Wiki iliyopita shangazi Emilia akaleta habari kwamba Mama ameteleza kwenye mteremko. Goti limevimba, debe limebingirika mpaka chini. Siku hiyo sikugomba. Nilipika, tukala, nikalala. Asubuhi nilimfunga Lois mgongoni, nikaikokota baiskeli mpaka kwenye lori la Newala, nikamwambia taniboi aifunge juu ya magunia. Lori linaunguruma kuondoka, namwona Benedikto anakuja mbio, kandambili mkononi: "Yuliana! Pampu! Umesahau pampu!" Akapanda nayo. Chuo kimefungwa, hakuwa na kisingizio.

Mama aliizunguka baiskeli, akapiga kengele, akacheka mpaka akashika goti. Mimi nimekwisha tafuta madebe na kamba. Mama akasema, "Weka madebe chini. Mwulize mumeo, hapa kwetu pazuri pa kutazama ni wapi?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Kaka, hata Mama!

Basi akakaa kwenye keria. Unajua mwenyewe mkwe hawezi kumsogelea mkwewe, kwa hiyo msukumaji akawa mimi, na Lois mgongoni. Bwana mtazamaji anatufuata kwa mbali, anapiga kelele: "Mwambie Mama ashike tandiko! Mwambie tukate kushoto!" Jasho linanitoka, watu wanatucheka, mpaka tukafika ukingoni mwa bonde, pale pale njia ya maji inapoanzia.

Mama akatazama bonde lote hadi Ruvuma. Halafu akasema, "Kumbe ni pazuri hivi. Mimi miaka yote nilikuwa natazama pa kuweka mguu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia Benedikto siku ile. Yakaniishia.

Tulirudi jua linazama, madebe matupu, nikaazima maji ya uji. Lakini tangu Jumatatu Petro wa shangazi Emilia anazunguka na baiskeli kwa njia ya magari, analeta madebe mawili kila asubuhi. Mama hajateremka tena, wala hatateremka. Ile kata yake ya kichwani nimeitia jikoni, ikaungua yote. Alinuna siku nzima. Na anune.

Ila ametoa amri: Jumapili baiskeli isiguswe na debe. Ati lazima izoee barabara.

Mimi Ijumaa narudi Masasi. Kwa hiyo, kaka, omba likizo uje umsukume mama yako. Miaka minne bila kuja nyumbani inatosha, na mgongo wangu una mtu tayari.

Shangazi Emilia anakusalimu, Petro anakuamkia, na Benedikto anasema pampu ni nzuri sana. Msalimie wifi, umbusu mwanao Silvano. Mungu akufikishe ukingoni uone alichokiona Mama.

Mdogo wako akupendaye ingawa amechoka,
Yuliana