Mugeni wa Abacost

Naviundu, Lubumbashi, Oktoba 1975

Yaya Abibu, mukubwa wangu,

Yambo sana kule Zambia. Siye tuko bazima, na mutoto wangu ameota meno mawili.

Sikia maneno ya huku. Shefu wa kartie, mutaa wetu, alituambia bakubwa ba région banaleta bageni batakaojenga usine, kiwanda kikubwa, hapa. Siye banamuke tukavaa pagne, vitenge vya parti ya serikali, tukapiga ngoma tangu asubui. Saa sita kamiyo ikasimama, akashuka bwana mwenye abacost nyeusi, ile suti ya bakubwa. Tukamuimbia! Tukamuvalisha maua mu shingo. Shefu akasoma discours yote: "Citoyen, hapa iko maji, iko njia, iko bantu ba kazi!"

Yule bwana akatoka machozi. Kumbe ni Mwansa, muuzaji wa samaki ya Kasenga. Alitoka ku ndoa ya shemeji yake, akasimama tu kuuliza njia ya soko.

Bageni ba kweli habakufika mupaka leo. Lakini Mwansa alirudia huku kwetu. Anasema hata siku ya ndoa yake hakuna muntu alimuimbia vile. Sasa anajenga depo ya samaki karibu na mutoni.

Yaya, kila mangaribi mama anakuwekea sahani, kisha anaifunika.

Mwansa anatafuta shofere. Nilimuambia yaya wangu ni shofere wa kweli-kweli. Usinipatishe haya: jifunze kuendesha motokari mbele ya kurudia huku.

Miye mudogo yako,
Bahati